Kompyuta Kuukuu ya Mezani: Lini Kuiboresha, Lini Kuiacha
Mwongozo kwa mlaji wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, Liuli na Lituhi kando ya Ziwa Nyasa, shughuli nyingi za wananchi hupitia katika kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika miaka kumi au zaidi. Ndizo zinazochapa barua za maombi na mikataba ya mashamba katika maduka ya steshenari. Ndizo zinazotunza orodha za wakulima na kilo za kahawa katika ofisi za vyama vya ushirika vya msingi. Ndizo zinazoandaa mitihani ya majaribio shuleni. Nyingi kati ya hizo ziliingia nchini zikiwa mtumba, na zimepita mikononi mwa wamiliki wawili au watatu kabla ya kufika Ruvuma.

Kompyuta ya namna hiyo inapoanza kuzorota, mwenye nayo aghalabu hupewa moja kati ya shauri mbili: aiongezee RAM, au aitupe anunue nyingine. Shauri zote mbili zaweza kuwa sahihi, na zote mbili zaweza kuwa hasara. Kosa hapa lina gharama kubwa kuliko mijini, kwa kuwa Mbinga iko takribani kilomita 100 kutoka Songea na zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Kipuri kisichooana na kompyuta humtoza mlaji bei yake, nauli ya kukileta kwa basi, nauli ya kukirudisha, na siku kadhaa za kazi iliyosimama, pengine katikati ya msimu wa kahawa.

Katika somo hili tunakusudia kumwezesha mlaji kufanya mambo manne: kutambua kinachoichelewesha kompyuta yake, kuchagua kipuri kinachooana nayo, kupima kama matumizi hayo yana faida, na kulinda haki zake na taarifa zake mbele ya muuzaji na fundi.

1. Jua kwanza kinachoichelewesha

Usinunue dawa kabla ya kujua ugonjwa. Kompyuta yenye Windows 7 au zaidi humwonyesha mtumiaji hali yake yenyewe. Fungua programu unazozitumia kila siku kwa wakati mmoja, kama unavyofanya siku ya kazi nyingi. Kisha bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloonyesha kazi zinazoendelea; nenda kwenye sehemu iliyoandikwa Performance.

Tazama kwanza palipoandikwa Memory. Hiyo ndiyo RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi iliyo mkononi. Iwapo imejaa kwa asilimia 85 au zaidi muda mwingi, kompyuta inakosa nafasi ya kufanyia kazi, na kuongeza RAM kutasaidia.

Iwapo RAM ina nafasi ya kutosha, tazama matumizi ya diski, yaani ghala la kudumu la mafaili na programu. Katika Windows 10 utayaona palipoandikwa Disk. Katika Windows 7 bonyeza kitufe kilichoandikwa Resource Monitor. Kama diski inakaa kwenye asilimia 100 dakika nyingi ilhali RAM haijajaa, basi diski ndiyo inayochelewesha, na RAM utakayoinunua haitabadili jambo la maana.

Mpangilio huo wa kutazama una sababu. RAM inapojaa, kompyuta huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na hivyo diski nayo huonekana imeelemewa. Anayeanza kutazama diski anaweza kulaumu kisichohusika.

Iwapo vyote viwili vina nafasi na kompyuta bado ni nzito, kagua mambo yasiyohitaji kipuri: virusi, programu nyingi zinazojiwasha zenyewe, au vumbi lililoziba feni. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, hupunguza kasi yake inapopata joto kali ili isiungue. Katika kiangazi, vumbi la barabara za udongo huingia kwa wingi katika maduka yaliyo karibu na njia, na kusafisha feni peke yake kumewahi kurudisha uhai wa kompyuta ambayo ilikwisha kuandikiwa orodha ya vipuri.

2. Diski: badiliko lenye faida kubwa zaidi

Kompyuta nyingi za zamani zina diski yenye sahani za chuma zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, na kijiti kinachosoma juu yake mfano wa sindano ya santuri. Kila faili linapohitajika, kijiti hicho husogea kulitafuta. Diski ya aina mpya, iitwayo SSD, haina kitu kinachozunguka. Husoma kwa njia ya umeme tupu, na muda wake wa kulifikia faili ni mdogo mara nyingi kuliko wa diski ya sahani. Ndiyo maana kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huweza kuwaka chini ya dakika moja baada ya badiliko hilo, hata kama sehemu nyingine zote ni zilezile.

Kabla ya kununua, zingatia mambo haya:

Kwanza, aina ya kiunganishi. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2005 hutumia kiunganishi cha SATA, chenye waya mwembamba. Waombee wauzaji SSD ya SATA ya inchi 2.5. Kama ndani ya kompyuta yako diski imeunganishwa kwa utepe mpana wa nyaya nyingi, kompyuta hiyo ni ya kizazi cha nyuma zaidi, na hatushauri kuitumilia fedha.

Pili, ukubwa. Kwa kazi za kuchapa, mahesabu na intaneti, gigabaiti 240 au 256 zinatosha. Diski ya zamani, kama bado ni nzima, inaweza kubaki ndani ya kompyuta kama ghala la pili, lakini isiwe mahali pekee penye mafaili yasiyo na nakala.

Tatu, ukweli wa kilichoandikwa. Ziko SSD bandia ambazo ndani ya kasha lake mna kadi ndogo ya kumbukumbu, na zimepangwa ziidanganye kompyuta kwamba ni kubwa kuliko zilivyo. Kuitazama skrini hakutoshi, kwa kuwa skrini itaonyesha ukubwa uleule wa uongo. Jaribio la kweli ni kunakili mafaili hadi diski ikaribie kujaa, kisha kuyafungua machache yaliyonakiliwa mwanzoni, katikati na mwishoni. Diski bandia itapoteza au kuharibu sehemu ya mafaili hayo. Fanya jaribio hilo ndani ya muda wa waranti, na kabla ya kuiwekea kazi zako.

Nne, umri. SSD na diski za mtumba huhifabithi ndani yake rekodi ya saa zilizofanya kazi na hali ya afya yake. Programu isiyo na malipo kama CrystalDiskInfo huisoma rekodi hiyo. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, asiyekubali amekujibu.

3. RAM: lazima ioane

RAM haiingiliani kiholela. Kompyuta kuukuu za mezani zilizoko katika matumizi leo aghalabu huwa na moja kati ya vizazi hivi: DDR2, DDR3 au DDR4. Kila kizazi kina pengo dogo katika ukingo wake wa chini, na pengo hilo liko mahali tofauti ili kipande cha kizazi kimoja kisiingie katika nafasi ya kingine. Kipande kikikataa kuingia, usikilazimishe. Kulazimisha huvunja nafasi yenyewe iliyo juu ya ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi, na uharibifu huo huweza kuwa na gharama kuliko kompyuta nzima.

Njia iliyo salama ni kumpelekea muuzaji kipande kilichomo, au picha yake inayoonyesha wazi maandishi ya kibandiko. Pia hakikisha haya:

Urefu wa kipande. RAM ya kompyuta ya mezani ina urefu wa takribani sentimita 13. Ya kompyuta mpakato ina takribani sentimita 7. Kompyuta za mezani zilizo ndogo sana hutumia ile fupi, kwa hiyo pima kabla ya kuagiza.

RAM ya seva. Sokoni huuzwa vipande vya gigabaiti nyingi kwa bei inayoshangaza. Baadhi vilitolewa katika seva, na ingawa huingia vizuri katika nafasi, kompyuta ya kawaida haitawaka navyo. Uliza waziwazi kama kipande ni cha kompyuta ya mezani, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Kikomo cha ubao mama. Kila ubao mama una kiwango cha juu unachokipokea. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, kisha bonyeza Enter. Utaona modeli ya kompyuta, prosesa na RAM iliyopo. Kwa modeli hiyo, fundi au muuzaji anaweza kutafuta kikomo katika maelezo ya mtengenezaji.

Kikomo cha Windows. Kompyuta yenye Windows ya biti 32 haiwezi kuitumia RAM inayozidi gigabaiti 4, na kwa kawaida hutumia pungufu kidogo ya hapo. Anayeongeza hadi gigabaiti 8 bila kubadili Windows kuwa ya biti 64 amenunua nusu ya kipuri asichokitumia.

Kwa steshenari au ofisi ya kawaida, jumla ya gigabaiti 8 inatosha. Kuongeza zaidi ya hapo katika kompyuta kuukuu ni kujaza maji katika debe lililojaa.

4. Vipuri vidogo, na vile vya kuogopa

Betri ya saa. Ndani ya kompyuta mna betri ya duara, yenye volti 3 na alama CR2032, inayotunza saa na mipangilio ya awali hata umeme ukizimwa. Ikiisha, kompyuta hurudi katika tarehe ya miaka ya nyuma kila iwashwapo, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa kuwa hazikubaliani na tarehe hiyo. Dalili hizo zinatisha, lakini tiba yake ni betri ya bei ndogo. Mlaji anayeambiwa kwamba ubao mama umekufa kwa sababu ya dalili hizo, aombe betri ibadilishwe kwanza.

Pawa saplai. Hiki ni kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Baadhi ya vile vya zamani vina swichi ndogo nyuma yenye alama 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Kompyuta iliyotoka Marekani ikiwa swichi yake imebaki kwenye 115, huungua mara tu inapochomekwa. Tazama swichi hiyo kabla ya kuwasha kompyuta yoyote ya mtumba kwa mara ya kwanza. Zaidi ya hayo, kompyuta nyembamba za ofisini hutumia pawa saplai za umbo lake maalumu, na ya kawaida haiingii. Kamwe usikifungue kisanduku hicho, wala usiruhusu mtoto akifungue: ndani yake hubaki chaji inayoweza kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa.

Ubao mama. Ukifungua kava, tazama vikopo vidogo vya mviringo vilivyosimama juu ya ubao. Vikiwa vimevimba kichwani au vimetoa utomvu, ubao umechoka, na kila kipuri utakachoongeza kitakuwa juu ya msingi unaobomoka.

Prosesa na kadi ya picha. Kwa kazi za ofisi, mara chache sana mabadiliko haya huleta faida inayolingana na gharama. Anayeyapendekeza aeleze ni kazi gani mahususi itakayowezekana ambayo sasa haiwezekani.

5. Suala la Windows

Kipuri kipya hakiifanyi kompyuta kuwa mpya machoni pa mtengenezaji wa programu. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda maalumu. Kompyuta yenye mfumo uliokoma huendelea kuwaka na kufanya kazi, lakini haipokei tena marekebisho ya kuziba mianya ya usalama.

Windows 11 inadai RAM ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64, masharti ambayo kompyuta nyingi za zamani huyatimiza. Kikwazo kiko kwingine: inadai pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo huanzia, kwa jumla, kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kwa hiyo muuzaji anayemwahidi mlaji kwamba SSD na RAM zitaifanya kompyuta ya mwaka 2011 ikubaliwe rasmi na Windows 11, anaahidi jambo lisilotokana na vipuri hivyo.

Njia halali iliyopo ni kuweka mfumo wa Linux, kwa mfano Linux Mint au Ubuntu, pamoja na LibreOffice kwa uchapaji na mahesabu. Vyote hupatikana bila malipo. Kabla ya kuhamia huko, hakikisha printa yako na programu ya pekee unayoitegemea zinafanya kazi humo. Mifumo hiyo huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Tunamtahadharisha mlaji dhidi ya Windows zilizovunjwa kufuli: si halali, na mwenye kuivunja kufuli ndiye ajuaye alichoacha ndani.

6. Piga hesabu kabla ya kutoa fedha

Tunashauri kanuni rahisi: jumla ya vipuri, ufundi na nauli isizidi nusu ya bei ya kompyuta nyingine iliyo bora kuliko yako. Tuitazame kwa mfano. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu, si bei za soko.

Tuseme SSD ni shilingi 70,000, RAM ni 25,000, betri ya saa ni 2,000, ufundi ni 15,000 na nauli ya kifurushi ni 5,000. Jumla ni shilingi 117,000. Tuseme pia kwamba kompyuta nyingine ya mtumba, ya miaka ya karibuni na yenye SSD, inauzwa shilingi 280,000. Nusu yake ni 140,000. Kwa kuwa 117,000 iko chini ya hapo, na ubao mama ni mzima, kuboresha kunafaa.

Sasa tuseme fundi amegundua kwamba pawa saplai nayo inahitaji kubadilishwa kwa shilingi 45,000. Jumla inafika 162,000 na imevuka nusu. Hapo ni heri mlaji asimame, aongeze akiba, na anunue kompyuta nyingine inayokubali mfumo mpya.

Hatari kubwa zaidi ni matumizi ya vipande vipande. Leo RAM, mwezi ujao diski, baada ya msimu pawa saplai. Kila moja huonekana ndogo, na mwisho wake mlaji amelipa bei ya kompyuta mpya na bado anayo ile kuukuu. Kwa sababu hiyo, mtake fundi aikague kompyuta nzima na aandike orodha moja ya yote yanayohitajika kabla hujanunua chochote.

7. Mali bila daftari hupotea bila habari

Kipuri kikiharibika hununuliwa kingine, lakini orodha ya wakulima na kilo zao haina duka inakouzwa. Kabla kompyuta haijafunguliwa, nakili mafaili yote muhimu katika sehemu mbili tofauti, mathalani diski ya nje na flashi, kisha uyafungue baadhi yake katika kompyuta nyingine ili kuthibitisha kwamba yamenakiliwa kweli.

Vilevile kumbuka kwamba taarifa nyingi zilizomo si zako peke yako. Steshenari hubaki na nakala za vyeti na vitambulisho vya wateja. Chama cha ushirika kina majina, namba za simu na akaunti za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kutunza taarifa za watu azilinde. Hivyo basi, diski ya zamani ikibadilishwa, idai uondoke nayo. Usiiache kwa fundi kama sehemu ya malipo. Kufuta mafaili kwa kawaida hakuyaondoi kabisa. Mwenye ujuzi anaweza kuyarudisha.

8. Mbele ya muuzaji na fundi

Omba risiti ya EFD, na juu yake au katika karatasi iliyoambatana nayo paandikwe: aina ya kipuri, ukubwa wake, kama ni kipya au mtumba, namba yake ya utambulisho, na muda wa waranti. Neno "RAM moja" kwenye risiti halimsaidii mlaji siku ya mgogoro. "RAM DDR3 ya kompyuta ya mezani, gigabaiti 4, mtumba, waranti siku 30" humsaidia.

Unaponunua kwa mbali, mawasiliano ya maandishi kwa simu ndiyo ushahidi wako. Mwambie muuzaji modeli ya kompyuta yako na umwombe akuthibitishie kwa ujumbe kwamba kipuri kinaoana nayo, kabla hujatuma fedha. Kifurushi kikifika, kifungue ukiwa na shahidi na upige picha.

Kwa fundi, shuhudia kompyuta ikifunguliwa, au piga picha ya vilivyomo ndani kabla ya kuikabidhi. Uiandike RAM na diski iliyokuwemo. Fundi mwaminifu hatachukia, kwa kuwa kumbukumbu hiyo humlinda naye.

9. Umeme, unyevu na radi

Njia kuu ya umeme wa gridi kutoka Makambako ilifika Songea mwaka 2018 na kupunguza utegemezi wa majenereta ya dizeli mkoani Ruvuma. Hata hivyo, kukatika na kurudi kwa ghafla bado huharibu diski na pawa saplai. UPS ndogo humpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, nayo ni akiba bora kuliko RAM ya ziada. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo. Inapopasha joto hunyonya umeme mwingi kuliko UPS ndogo inavyoweza kuhimili.

Ukanda wa ziwa uko takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari na una joto na unyevu, ilhali milima ya Umatengo ni ya baridi, hususan Juni na Julai. Kompyuta iliyosafirishwa asubuhi ya baridi kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ikaingizwa katika chumba chenye joto, huweza kufanya umande ndani yake. Iache saa chache kabla ya kuiwasha. Wakati wa masika, chomoa waya wa umeme na wa mtandao radi inapokaribia.

10. Haki zako na njia ya malalamiko

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Inatambua pia kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo matumizi anayoyakusudia, na akautegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Ndiyo sababu tunasisitiza kutaja modeli ya kompyuta yako. Lakini sheria hiyo haimlindi mnunuzi dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi alioufanya mwenyewe ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo, ukiamua kukagua, kagua kikamilifu.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusika na bidhaa bandia. Maandishi ya "mali ikiuzwa hairudishwi" hayampi muuzaji ruhusa ya kusema uongo juu ya anachokiuza.

Ukipata tatizo, acha kukitumia kipuri, mweleze muuzaji kwa maandishi na umpe muda wa kurekebisha. Asipotekeleza, muone ofisa biashara wa halmashauri yako, iwe ya Mji wa Mbinga, Wilaya ya Mbinga au Wilaya ya Nyasa, kisha ufikishe lalamiko lako Tume ya Ushindani ukiwa na risiti, picha na ujumbe wa simu.

11. Kilichoisha kisitupwe ovyo

Saketi na skrini za zamani zina risasi na madini mengine yenye sumu. Kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa moshi unaodhuru wanaouvuta, na vifaa vilivyotupwa makorongoni huishia ziwani, kwenye maji yanayonywewa na kuvuliwa samaki. Kanuni za Usimamizi wa Mazingira za mwaka 2021 zinaelekeza taka za kielektroniki zikusanywe na wenye vibali. Muulize ofisa mazingira wa halmashauri mahali pa kuzipeleka, na kabla ya kuzitoa, ondoa diski.

Jipime

Swali la 1: RAM imetumika asilimia 45, diski iko asilimia 100 muda wote. Ununue nini?
Jibu: SSD. RAM haijajaa.

Swali la 2: Kompyuta ina Windows ya biti 32 na RAM ya gigabaiti 4. Je, kuongeza gigabaiti 4 kutasaidia?
Jibu: Hapana, mpaka iwekewe mfumo wa biti 64.

Swali la 3: Kila asubuhi saa ya kompyuta inarudi nyuma na tovuti hazifunguki. Uanzie wapi?
Jibu: Betri ya CR2032.

Swali la 4: Fundi anakupunguzia bei ukimwachia diski ya zamani ya ofisi. Ufanyeje?
Jibu: Ukatae, na uondoke nayo. Taarifa zilizomo ni za watu waliokuamini.